Gein Ilipofika Nne

Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya meza ya kukatia nguo, waya wake umechomolewa na kuning'inia, na bado spika ilikuwa inapumua.

Fundi akaitazama spika. Akautazama waya. Miaka kumi na tano alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuamini macho yake na futi yake, na macho yalimwambia hakuna kilichounganishwa na chochote. Akainama, akatega sikio. Pumzi iliingia, ikatoka, nzito, kama ya mtu aliyepanda ngazi. Kisha ikakatika.

"Umeme huu," akasema. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi wa kumsingizia.

Haya, tumjue vizuri. Asubuhi Fundi alishona sare na suruali katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alasiri alifunika cherehani akapiga gitaa la metali, ule muziki mzito wa kukwaruza ambao majirani wakiusikia hudhani mtu anakata bati. Kundi lao la watu watatu lilikuwa na onyesho Jumamosi, la kwanza tangu wazaliwe, na Fundi alikuwa hajapata mlio. Usicheke. Mpiga gitaa asiye na mlio wake ni bwana harusi asiye na suruali. Alikuwa amenunua, tena mtumba, kisanduku cha kidijitali kinachoiga amplifaya kubwa kubwa: unazungusha vitufe, unapata mpangilio unaoupenda, unauhifadhi. Wiki tatu alizungusha. Gein, ile inayoukwaruza mlio, akiipandisha, gitaa linalia kama nzi ndani ya kopo. Akiishusha, linapooza mpaka unalionea huruma. Sauti za kati alizifuta zote, kosa la kila mgeni wa kazi hii. Chumbani mlio ukavuma vizuri, lakini walipoanza mazoezi ngoma zikaufunika wote.

"Kaka, unapiga au umekaa tu?" akauliza Kishindo, mpiga ngoma wao. "Rudisha za kati. Sauti ya mtu inakaa hapo hapo kati."

Sasa maji yalikuwa shingoni. Ndani ya kisanduku kulikuwa na mpangilio mmoja usio na jina, ulioachwa na mwenyewe wa kwanza. Wapiga gitaa wanaonyana siku zote: cha mwenzako kifute, anza na chako. Fundi alijua hayo. Akaufungua. Gein ilikuwa kumi. Akapandisha sauti za kati namba moja tu, akagusa uzi, na gitaa likafungua koo.

Mwili mzima ulimsisimka. Mlio ulikuwa mzito na mkali, na ndani yake kulikuwa na kitu kama mdomo unaofunguka kutaka kusema. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Akaigusa pasi. Ilikuwa baridi. Alipochomoa waya ndipo akaisikia spika inapumua.

Na hapo tumtaje mtoto. Fundi alikuwa na binti wa miaka saba aliyeitwa Kasuku, na aliyempa jina hakukosea. Aliongea tangu anafumbua macho hadi anayafumba, na hakuna sentensi aliyoianza bila Baba. Baba, kwa nini kifungo kina matundu manne? Baba, sindano inaumwa? Baba, Baba, Baba.

"Wewe mtoto," Fundi alimwambia siku moja, "hizo baba ziwekee akiba, zitakuishia."

Kasuku alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu aliamka amekwaruzwa koo. Fundi akapandisha sauti za kati namba ya pili. Jumanne mtoto alikuwa ananong'ona. Fundi akafika ya tatu, na mlio ukazidi kunona. Jumatano mama yake alimpeleka hospitali, daktari akamulika koo akasema ni safi kama sahani iliyooshwa. Alhamisi Kasuku alifungua mdomo kuomba chai, na hakikutoka kitu, hata hewa.

Alasiri ile mkewe alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Baba Kasuku," akanong'ona. "Zima hilo dude."

"Limezimwa."

"Basi nani analia humo ndani?"

Wakasimama wote wawili bila kuthubutu kukanyaga, wakiisikia spika inavuta pumzi na kuitoa, na katikati ya kila pumzi kilio chembamba kama cha mtu aliyezibwa mdomo, na ile harufu ya nywele ikipanda kwenye mapazia na kwenye suti za wateja, mpaka Kasuku akapita katikati yao, akachukua chaki ya baba yake, akaandika juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: BABA UKIPIGA ANANIVUTA.

Fundi alinyoosha mkono kulisogeza gitaa, na kidole kikagusa uzi bila yeye kutaka.

"Baba," ikasema spika, kwa sauti ya Kasuku.

Mama wa mtoto aliketi sakafuni palepale.

Aliyeitwa ni Mzee Betri, fundi redio aliyemuuzia Fundi kile kisanduku. Watu walimpelekea redio zinazoongea baada ya kutolewa betri, ndipo jina lilipotoka. Alifika ana bisibisi mfukoni na uso wa mtu aliyekatizwa chakula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulianza na mpangilio wako, au ulioukuta?"

Fundi akatazama chini. "Nilioukuta."

"Ehee! Mla cha mwenziwe na chake huliwa."

"Kwani ulijua?"

"Ningejua ningekuuzia? Aliyeniletea alikuwa kijana, kila nikimuuliza kitu anajibu kwa karatasi. Nikadhani bubu wa kuzaliwa."

"Niufute?"

"Thubutu! Ukifuta, jini anaondoka na alichomeza. Huyu anakula mkwaruzo. Mnyime, atatapika. Vaa gitaa, mtoto ashike waya, ushushe gein kutoka kumi hadi sifuri. Usisimame njiani. Na usimpigie hata noti moja, umenisikia? Atakubembeleza, na ukimpigia hatatapika chote."

Kikawashwa. Nyuzi zikaanza kulia zenyewe, hazijaguswa. Fundi akashusha hadi tisa na kilio kikawa cha mnyama, nane na madirisha yakatetemeka, saba na waya ukajinyonganyonga mkononi mwa mtoto lakini Kasuku akaukaza kwa vidole vyote kumi huku mama yake amemshika kiuno, sita na Mzee Betri akaanza kusoma dua kwa midomo iliyofumba, tano na Kasuku akakohoa, kikohozi chenye sauti, sauti yake mwenyewe, na Fundi akajua yanawezekana, akashusha tena, ikawa nne.

Kelele ikakoma. Ukabaki mlio.

Wapiga gitaa wazoefu watakwambia metali haitaki gein nyingi kama unavyodhani. Kwenye nne, mlio ulikuwa safi, mzito, kila uzi unasikika peke yake, ule ule aliousikia kichwani tangu ana miaka kumi na minne. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Mkono wake ukapiga mapigo manne. Basi, manne tu.

"Shusha!" Mzee Betri akafoka.

Akashusha hadi sifuri. Spika ikafanya *tik*, ikanyamaza.

"Mama, nina njaa!" akasema Kasuku.

Jamani, furaha! Mama alilia, Fundi alilia, mtoto akaongea saa nzima bila kituo, habari za daktari, za chaki, za mdudu aliyemwona dirishani. Mzee Betri alikifunga kisanduku kwa kitambaa, akaondoka nacho dukani kwake.

Jumamosi Fundi alipiga kwa amplifaya ya kuazima, na hakuna aliyelalamika. Jumapili alikuwa anatia uzi kwenye sindano Kasuku alipokuja na kifungo.

"Wewe, hiki mbona kina matundu mawili?"

"Wewe nani? Sema Baba."

Kasuku akacheka, akafumba midomo, akaifumbua. Kimya. Akajaribu tena. Midomo ilikutana, ikaachana, na hakikutoka kitu. Machozi yakamjaa.

"Basi, mama, basi," Fundi akasema, akamkumbatia. Kwamba yale mapigo manne aliyapiga kwa kupenda, hakumwambia mtu, hata mkewe.

Jumatatu simu ikalia. Mzee Betri alikuwa ananong'ona.

"Fundi, njoo uchukue mali yako. Nimetoa nyaya, nimekifungia kabatini, na bado..."

"Kinafanya nini?"

"Kinakuita."

Fundi alitaka kukata simu. Hakukata. Alisimama kati ya cherehani na meza, ameikandamiza sikioni, na nyuma ya pumzi za mzee akaisikia, ndogo, ikirudiarudia neno lile moja. Alisikiliza mpaka salio likaisha, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pengine pa kuitwa hivyo.