Sukari Mfukoni mwa Machibya

Machibya alikuwa mponda kokoto. Aliishi na mkewe Suzana na binti yao Rebeka kwenye mlima wa mawe, Ilemela, mahali ambapo mtu akitaka kuchimba choo lazima kwanza agombane na jabali. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Watu walijenga kila upande wa Mwanza, na kokoto za Machibya hazikulala.

Uani kwake palikuwa na jiwe la mviringo, zito kama mfuko wa simenti. Walilipa jina, Ndama. Katika ukoo wote, Machibya peke yake ndiye aliyewahi kumnyanyua Ndama mpaka kifuani, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kusikia habari hiyo. Kwamba mgongo ulimuuma mwezi mzima, hilo hakulisimulia.

Rebeka alikuwa na miaka ishirini. Miaka miwili nyuma alianza kunywa maji bila kukoma, kukojoa kila saa na kukonda mpaka mbavu zikahesabika. Hospitali walimpima, wakasema ana kisukari cha aina ya kwanza. Mwili wake umeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo atachoma sindano ya insulini kila siku, maisha yake yote. Dawa ilimrudisha kutoka mlangoni mwa kaburi, lakini mwili haukurudi wote. Majirani waliutazama mkono wake mwembamba, wakanong'ona kuhusu ugonjwa mwingine, ule ambao miaka hiyo watu waliogopa hata kuutaja.

"Maneno yao yananichoma kuliko sindano," alimwambia baba yake. "Nataka misuli, baba. Nataka siku moja nimnyanyue Ndama."

Machibya alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamtengenezea chuma: bomba la maji, na kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Akampa na kanuni ya waponda kokoto.

"Kazi kwanza, tumbo baadaye. Ukishiba, jiwe linaongezeka uzito."

Ndivyo walivyofanya wote pale mlimani. Walianza asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi, wakala baada ya kumaliza fungu la kwanza.

Tena Machibya alikuwa ameifukuza sukari nyumbani kwake. Zamani aliipangia foleni tangu alfajiri. Sasa maduka yameijaza mpaka mlangoni, na kwake hapakuwa na hata chembe. "Sukari ndiyo adui wa mtoto wangu," alisema. Wageni walikunywa chai chungu, wakaaga mapema.

Asubuhi moja Rebeka alichoma insulini pajani. Hakula. Alikwenda uani, akaweka chuma begani, akachuchumaa na kuinuka mara kumi. Akapumzika, akaenda kumi nyingine. Baba yake alikuwa pembeni anagonga mawe na kumhesabia.

Mara chuma kikaanguka. Rebeka alikaa chini, jasho linamtiririka na hali kulikuwa na baridi. Mikono ilikuwa inatetemeka.

"Rebeka, vipi?"

"Ng'ombe wameingia kanisani," alijibu, macho yakiwa mbali.

"Mayo wane!" Machibya alimlilia mama yake kwa Kisukuma. "Sukari imempanda! Mama Rebeka, lete sindano, tumwongeze!"

Suzana alitoka mbio na sindano mkononi. Wakati huohuo jirani yao, Mama Muganyizi, alikuwa anapita kwenda kazini. Alikuwa Mhaya, muuguzi wa kliniki ya kisukari. Aliposikia kelele aliingia uani bila kupiga hodi.

"Baba Rebeka, usimchome! Utamuua! Amekula?"

"Bado."

"Basi sukari haijapanda, imeshuka. Leteni sukari upesi!"

"Kwangu hakuna," alisema Machibya.

Suzana alikimbilia nyumba ya pili, akarudi na sukari kwenye kikombe. Mama Muganyizi alikoroga vijiko vinne kwenye maji kidogo.

"Rebeka, meza mate nione. Haya, vizuri. Kunywa." Kisha akawageukia wazazi. "Angekuwa amezimia nisingemnywesha kitu, kingempalia. Ningempaka sukari kidogo ndani ya shavu, tukamkimbiza hospitali."

Walingoja. Machibya alikuwa ameshika nyundo na hajui kwamba ameishika. Zikapita kama dakika kumi. Jasho la Rebeka likakauka, mikono ikatulia, macho yakarudi.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Muganyizi. "Umefika saa ngapi? Na baba mbona analia?"

Machibya alikitazama kile kikombe. Adui aliyemfukuza miaka miwili ndiye aliyemrudishia mtoto, tena mbele ya macho yake. Akakaa juu ya kokoto zake. Alistaajabu, na hakuona haya kustaajabu.

Rebeka alipewa viazi na maharage. Alipokuwa anakula, Machibya alisema, "Vyuma basi. Nimekoma."

Rebeka aliacha kutafuna.

"Nani amesema basi?" Mama Muganyizi aliuliza. "Misuli ni rafiki wa mwenye kisukari. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu. Wewe ukiponda mawe na njaa, mwili wako wenyewe unapunguza insulini. Ya Rebeka imetoka kwenye sindano. Ikishaingia haiulizi kama amekula."

"Kwa hiyo siku ya vyuma aache sindano?"

"Thubutu! Bila insulini, sukari inajaa kwenye damu na misuli inakufa njaa. Si ndivyo alivyokonda? Sindano achome, chakula ale. Ila asichome paja halafu akalichuchumalia, dawa itakimbia mno. Siku ya vyuma achome tumboni. Na kipimo cha dawa tutakipanga pamoja kliniki, msikibadilishe kwa kubahatisha."

"Na nikipima mkojo?" Rebeka aliuliza.

"Ukichemsha na ile dawa ya bluu ukawa rangi ya tofali, yaani sukari imejaa, au ukisikia kichefuchefu, usiguse chuma. Njoo kliniki. Lakini ukibaki bluu usijisifu, mkojo hauonyeshi sukari ikishuka. Sikiliza mwili. Ukitetemeka au ukitoka jasho la ajabu, tua chuma, lamba sukari, kisha ule. Usinyanyue peke yako. Na uzito uongeze polepole. Kula dagaa, maharage, maziwa. Misuli haijengwi kwa hewa."

Tangu siku hiyo Machibya alitembea na kifuko cha sukari mfukoni, na hakuna aliyeshika nyundo uani kwake kabla ya kunywa uji. Wenzake walimcheka wiki moja. Wiki ya pili walikuja na vikombe.

Miezi kumi ilipita. Mabega ya Rebeka yalijaa na mikono ikakaza. Machibya alikuwa anamtazama akiteka maji, mkono mmoja ndoo, na kujiuliza kama huyu ndiye yule wa mbavu za kuhesabika. Minong'ono ilikwisha yenyewe.

Jumamosi moja Rebeka alisema yuko tayari. Majirani walijaa uani. Aliinama, akamkumbatia Ndama, akamwinua mpaka magotini. Watu wakapiga vigelegele. Ghafla jasho la ajabu likamtoka, akamshusha chini taratibu.

"Ameshindwa," mtu akasema.

"Baba, sukari."

Machibya alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Rebeka alilamba, akakaa, akala ndizi mbili. Watu walimsihi ajaribu tena. "Leo basi," alisema. Wakatawanyika huku wakicheka.

Keshokutwa yake, baada ya uji, walikuwepo baba, mama na Mama Muganyizi tu. Rebeka aliinama. Ndama alipanda magotini, akapanda kiunoni, akatua kifuani pa binti mwenye kisukari. Suzana alifunika mdomo kwa khanga. Machibya alivua kofia kama yuko kanisani.

Siku hizi mgeni akifika kwa Machibya anakunywa chai yenye sukari, na bado anasimuliwa habari za Ndama.

"Tumemnyanyua wawili," Machibya anasema. "Mimi niliumia mgongo mwezi mzima, kwa sababu niliona aibu kumshusha mbele za watu. Mtoto wangu alimshusha."