Watoto wa Kuonyesha Mfadhili

Ndugu zangu wa Kitale, na nyinyi wa kule Bungoma, nisikilizeni niwaeleze mambo ya nyumba moja ya mtaa wa Kibomet, hapa Kitale. Sisemi ili tuwacheke. Nasema kwa sababu uchungu wake uliwafikia hata wasiokuwa na kosa.

Asubuhi kwa Wanyonyi ilikuwa tulivu. Mkewe, Dinah, alikuwa mwalimu aliyeacha kazi ili amfundishe nyumbani mwanawe Levi, ambaye pumu ilimkatiza masomo kila mara. Baada ya uji ungesikia mtoto akisoma na mama akimrekebisha kwa upole. Kanisa lao lilikuwa na mfuko wa kuwasaidia wazazi kama hao. Msimamizi wake, Bi Wamboi, alileta vitabu na pesa za matumizi kwa kila mtoto.

Kwa kila mtoto! Maneno hayo yalimwingia Wanyonyi kichwani yakakataa kutoka.

Akaenda Bungoma kwa dada yake Sellah, mjane auzaye nyanya sokoni. Binti yake, Pauline, alikuwa gredi ya nane, mwenye bidii, na alitaka kuwa muuguzi.

"Nipe huyu msichana nikae naye," Wanyonyi alisema. "Si unajua Dinah ni mwalimu? Vitabu bure, chakula bure. Tena serikali inatupunguzia ushuru sisi tunaofundisha nyumbani."

"Ati ushuru? Kweli?"

"Kweli, dada. Mimi naweza kukudanganya?"

Hakuwa ameuliza popote. Alikuwa ameyasikia tu hotelini watu wakinywa chai. Sellah alimwamini kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Baada ya Pauline wakaletwa watoto wengine wawili wa jamaa. Msaada ukaongezeka, Wanyonyi akanunua pikipiki. Kisha akamtaka mkewe arudi kufundisha katika shule ya kibinafsi ili mshahara nao uingie.

"Na hawa watafundishwa na nani?" Dinah aliuliza.

"Si wana vitabu? Watajisomea."

Dinah alijua huo ni uongo, lakini akaenda kazini. Pauline akawa wa kukama ng'ombe, kupalilia mahindi na kuuza maziwa mtaani Kipsongo. Siku ambayo Bi Wamboi alitarajiwa, watoto waliogeshwa na kuketishwa mezani, vitabu wazi mbele yao. Jamani, yule mama aliondoka akimshukuru Mungu!

Mwaka uliofuata, mtihani wa gredi ya tisa ulipokaribia, Pauline alimwendea mjomba wake.

"Khocha," alimwita kwa Kibukusu, "jina langu limepelekwa?"

"Lilienda zamani, bana. Maliza kazi."

Asubuhi ya mtihani alifika katika shule iliyo karibu, kalamu mkononi. Mwalimu alilitafuta jina lake asilione. Hakuwa amesajiliwa popote. Alibaki nje ya lango, akasikia kengele ikilia ndani.

Sellah alipoipata habari alikuja kutoka Bungoma kwa hasira.

"Ulichukua mwanafunzi, unanirudishia kibarua," alimwambia kaka yake. "Na hata kibarua hulipwa!"

"Dada, ongea polepole. Majirani..."

"Wacha wasikie!"

Dinah alianza kulia. Pauline akamtazama. "Anti, wewe ndiwe ulikuwa mwalimu. Si ungeniambia tu nirudi nyumbani?"



Habari zilipomfikia Bi Wamboi, kanisa liliufunga mfuko wote. Akaukosa pia Gichuki, mzazi mwingine wa kanisa hilo, ambaye binti yake Kabura hawezi kutembea na alikuwa akifundishwa nyumbani kwa uaminifu. Wanyonyi naye alikimbilia ofisi ya ushuru kuulizia ile nafuu. Wakamwambia hawaijui.

Pauline alipewa nafasi ya kurudia darasa Bungoma. Alikaa siku chache kati ya watoto wadogo, kisha akakataa kuvaa sare. Sasa anauza nyanya pamoja na mamake. Wasichana wa rika lake wakipita kutoka shuleni, huinama akapanga upya nyanya ambazo tayari zimepangwa.

FUNZO

Kumfundisha mtoto nyumbani si kosa, na kupokea msaada si aibu. Kosa ni kumfanya mtoto kuwa mtego wa pesa. Mzazi, ukiahidiwa nafuu, ulizia mwenyewe katika ofisi inayohusika, na umtembelee mwanao bila kutangaza. Nawe unayeona uovu nyumbani mwako ukanyamaza, usijiite msafi. Anayekula msaada wa watoto huwanyang'anya hata watoto asiowajua.