Ganda la Titani

Fundi kamera alipoligusa lile ganda la kamera, lilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha la karakana yake, chumba cha mbele cha nyumba, halikuwa limefunguliwa tangu asubuhi. Lilikuwa joto la shavu la mgonjwa wa homa.

Alivuta mkono haraka. Moyoni alijua lilikotoka.

Kamera ile ilikuwa ya marehemu rafiki yake, mpiga picha, waliyekula naye sahani moja tangu utotoni. Mjane aliileta isafishwe ili ampe bintiye. Fundi akaona ganda lake ni la titani halisi, metali nyepesi, ngumu, isiyoshika kutu, akashikwa na tamaa. Akalivua, akaivisha kamera ya mjane ganda la alumini alilolipaka rangi ya kijivu, na lile la titani akaivisha kamera yake mwenyewe.

"Atajuaje?" alijiambia alipomrudishia mjane kamera.

Sasa karakana ilinuka nywele zilizoungua. Kamera ilibofya yenyewe juu ya meza, ikanyamaza, ikabofya tena.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona akiwa mlangoni, "nani anapumua hapo mezani?"

"Feni hiyo."

"Umeme umekatika."

Wakasimama wameshikana mikono, hakuna aliyethubutu kwenda mbele wala kurudi nyuma, huku ile pumzi ikipanda na kushuka, nzito, ya kukoroma, kama alivyopumua marehemu siku ya mwisho hospitalini, fundi akiwa kando ya kitanda amemshika mkono akimwahidi kwamba familia yake haitadhulumiwa na mtu.

Mganga waliyemwendea, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, alikataa hata kuigusa kamera.

"Majini hukimbia chuma," alisema. "Hii si chuma. Umeiba, na jini limepata nyumba. Rudisha ganda kwa mkono wako, na useme."

"Lazima niseme?"

"Basi kaa nalo."

Akaenda kwa mjane jioni hiyo hiyo.

"Shemeji, nilikuibia."

"Najua," mjane alijibu taratibu. "Nilipoishika tu kamera, nilijua siyo ile. Lakini wewe ndiye uliyeshuka kaburini kumlaza mume wangu. Ningeanzaje kukuita mwizi?"

Heri angemtukana. Fundi aliinamisha kichwa, akamweleza habari za jini, akafungua kamera zote mbili palepale sebuleni, akarudisha titani mahali pake. Skrubu ya mwisho ilipokazwa, pumzi ya moto ilimpita sikioni, na ganda likapoa papo hapo.

"Limetoka?" mjane aliuliza.

Fundi alitazama mlango wa nje. Pazia lake lilikuwa limetulia tuli. Lililokuwa likicheza ni pazia la chumba cha ndani, alimolala binti.

Alifungua mdomo aseme. Akaona uso wa mjane, umechoka, unamwamini tena.

"Limetoka, shemeji," alisema, akakusanya vifaa vyake.