Kijiko cha Uongo

Kila jioni, akishavua sare za shule, Chapchap alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda kucheza: kumwogesha mdogo wake. Jina la Chapchap alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu kila kitu alikifanya mbiombio, hata kula. Mdogo wake walimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga uzazi. Tangu azaliwe, Kitinda hakuona wala hakusikia.

Mtoto wa namna hiyo hujifunza lugha kwa mikono. Mwalimu aliyewatembelea kila wiki aliwaelekeza kwamba, kabla ya jambo lolote, Kitinda apewe kitu cha kushika. Kijiko maana yake chakula, kipande cha taulo ni kuoga, kandambili ni kutoka nje. Kisha angojewe apapase, afikiri, mpaka mwenyewe atoe mkono.

"Siku moja atawaletea kitu kuomba anachotaka," mwalimu alimwambia mama. "Hapo ndipo atakuwa ameanza kusema."

Mama aliingoja siku hiyo kwa hamu, maana mpaka sasa Kitinda alijua kulia tu.

Taabu ilikuwa ile taulo. Kitinda hakupenda maji. Akipewa kipande chake alikipapasa, akakinusa, akakiweka chini, akakishika tena, kama mteja anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. Huko nje kamba ya kuruka ilikuwa ikipiga ardhi, na binti wa jirani akiita, "Chapchap, zamu yako inapita!"

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akamtia mdogo wake kijiko mkononi. Kitinda akainuka papo hapo akicheka, akampa dada yake mkono. Chapchap akampeleka moja kwa moja kwenye beseni na kummwagia maji. Kitinda alilia sana, lakini akaoga. "Kumbe ni rahisi hivi," Chapchap akajisemea. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa pia.

Njia ya mwongo ni fupi. Mama alipompa Kitinda kijiko wakati wa chakula, mtoto alikitupa kikagonga ukuta, akaficha mikono kwapani. Asubuhi ikawa hivyo hivyo. Mama akampeleka zahanati, muuguzi akamchunguza kinywa, koo na tumbo.

"Huyu haumwi," alisema muuguzi. "Ana njaa tu."

Mama hakushona siku hiyo. Alikaa na gauni la mteja mapajani, macho mekundu. Chapchap alipomwona, akarudisha tonge sahanini.

Alasiri mwalimu akaja. Alisikiliza habari yote, kisha akaokota kijiko. "Mtoto hakatai chakula," alisema. "Anakataa kijiko. Kwani kijiko kimemkosea nini?"

Chapchap akainamisha kichwa. "Ni mimi, mwalimu. Nilimpa kijiko nikampeleka kuoga. Nilitaka kuwahi kamba."

Mama alitaka kufoka, lakini mwalimu akamshika mkono.

"Wewe ukidanganywa, utamtazama mtu usoni, au utauliza wengine," mwalimu akamwambia Chapchap. "Mdogo wako ana mikono tu. Ukiidanganya mikono yake, humwachii pa kuuliza."

"Kwa hiyo hataniamini tena?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Utaanza upya, ila hapa uchapchap uuweke kando."

Chapchap akakaa sakafuni na sahani ya wali. Hakumvuta Kitinda. Aliweka mkono wake karibu naye, akangoja. Nje kamba ilianza, ikaendelea, ikakunjwa. Mwishowe kidole kimoja kikamgusa, kisha mkono mzima ukapanda juu ya wake. Chapchap akala polepole huku mkono wa mdogo wake ukiufuata wake kutoka sahani hadi mdomoni. Ndipo akampa kijiko, na papo hapo chakula. Kitinda akala. Mama akageukia ukuta, akafuta machozi.

Tangu hapo kijiko kilikuwa chakula tu, na taulo kuoga tu, hata kama kamba ingemkosa Chapchap jioni nzima.

Wiki kadhaa baadaye, Chapchap alikuwa kizingitini akifunga viatu, binti wa jirani akimsubiri. Kitinda akaja akipapasa ukuta. Akagusa nywele za dada yake zilizosukwa, akamtambua, akamwekea kijiko kiganjani.

"Twende basi," binti wa jirani alisema.

"Ngoja kwanza. Mdogo wangu ananiambia kitu."

"Anakuambia nini? Mbona hajasema chochote?"

"Amesema. Anataka chakula."

Cherehani ikanyamaza. Mama akasogea mlangoni, akawatazama wanawe.

"Umeona, mwanangu?" alisema. "Mtu humwambia shida yake yule anayemwamini. Usingerudi kwenye ukweli, leo angesema na nani?"

Chapchap alivua viatu. Akampa Kitinda mkono, wakaenda pamoja kupakua wali uliobaki mchana.