Alikula Mbele ya Mama Yangu

"Mama, anza na hiyo uma ya nje kabisa. Za ndani ni za nyama," Mayala alimwelekeza mama yangu huku akicheka.

"Uma zote hizi za nini, baba? Si tuko watatu tu?" mama akajibu, mikono bado iko mapajani.

Ilikuwa Jumapili mchana, Shinyanga mjini, ndani ya ile hoteli kongwe iliyojengwa na Waingereza, ambayo sisi wengine tumezoea kuiona kwa nje tu. Sakafu ya mbao, vitambaa vyeupe mezani, wahudumu wamevaa glavu. Mwanamume bila koti haingii, na Mayala alikuwa ameshona jipya. Yeye alikuwa na duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, kule Masumbwe, mimi nina saluni yangu Nyasubi, pale Kahama. Tulikuwa wachumba mwaka mzima. Siku hiyo mama yangu, Euphrasia, alikuwa ametoka Ushirombo kuja kumwona kwa mara ya kwanza. Akimkubali, posa inaletwa na padri anaanza kutangaza ndoa. Nilimtaka yule mwanamume kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Supu ikaja. Mama hakugusa kijiko.

"Mama, mbona huli?" Mayala akauliza.

"Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe wake, baba. Mngenitengea hata kule pembeni."

"Aa, mama! Hayo mambo ya wazee wa zamani. Siku hizi ni upendo tu. Hebu nisogezee hiyo chumvi."

Akala. Akapaka mkate siagi, akanywa supu yote, akaomba nyingine. Mama akanitupia jicho la pembeni. Mimi nikavimba kichwa, nikajisemea nimepata mwanamume wa kisasa. Kumbe mapenzi yalikuwa yamenitia upofu!

Nyama ilipoletwa, mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Akaingia bibi mmoja mwenye kitenge kizuri na miwani myeusi, ameshikwa mkono na mtu mzima mwenye suti. Walitembea polepole kuelekea meza ya dirishani. Yule bibi alikuwa anapapasa viti. Angepita zake bila kutuona.

Mayala akaachia uma. Akasimama kwa haraka hadi kiti kikaanguka, akarudi nyuma mpaka ukutani, macho chini.

"Mwadila, mayo," akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama akaniinamia sikioni.

"Lusia. Yule ndiye mama mkwe wake."

"Mama! Umejuaje?"

"Mimi ameniomba chumvi. Yule amemwinukia na kumkimbia hadi ukutani."

Bibi alikuwa ameshasimama, anageuza kichwa kutafuta sauti.

"Theonest, huyo si shemeji yako?"

"Ndiye, mama," yule mwenye suti akajibu, akitutazama mmoja mmoja.

"Baba Blessing! Mkeo Hosiana anasema uko duarani wiki ya pili, simu haipatikani. Mtoto anakuulizia kila siku."

"Nimetoka leo tu, mayo. Hata nyumbani sijafika."

"Mimi nimetolewa mtoto wa jicho. Theonest akasema nije nile chakula cha Wazungu nisherehekee. Na hapo umekaa na nani?"

Nitasema ukweli wangu, kwa kuwa uchungu hauna aibu: angejibu "ni mchumba wangu", ningelia, ningemtukana, lakini pengine ningemsamehe.

"Huyu ni karani wangu wa duara, mayo. Na mama yake."

"Karani?"

"Karani tu. Haki ya Mungu."

Mama alitaka kuinuka. Nikamshika kiganja, nikasimama mimi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia yule bibi.

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kweli, mimi ni karani wake. Na leo naacha kazi."

Nikamshika mama yangu mkono, tukatoka. Tulipofika barazani nikaketi kwenye ngazi. Simu ikatoa mlio wa meseji. Mayala.

"Asante mpenzi kwa kunifichia. Kibibi hakijashtuka. Kesho nakuja Nyasubi tupange upya. Mwambie mama yako atulie."

Nikaisoma mara mbili. Yaani alidhani nimemwokoa! Alidhani nimekubali kufichwa kama magendo!

"Unakwenda wapi?" mama akaniuliza.

"Kumalizia kazi."

Nilirudi ndani kwa mwendo wangu wa kawaida. Mayala alikuwa bado amesimama ukutani, mbali na meza ya mkwewe, kama mhudumu anayesubiri kutumwa. Aliponiona akatikisa kichwa kwa siri, ananisihi. Nikaweka simu mbele ya yule bibi.

"Mama, hii imetoka kwa mkwe wako sasa hivi."

"Macho yangu bado, mwanangu. Theonest, nisomee."

Theonest akasoma. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi lile la "kibibi". Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Mayo, naomba nieleze..." Mayala akaanza.

"Njoo," bibi akasema.

"Mayo..."

"Njoo ukae hapa, ule na mimi. Si mimi kibibi tu? Mama wa Hosiana ungemwogopa. Mimi si mkwe wako tena. Kesho kaka zake Hosiana wanakwenda kumrudisha kwetu yeye na Blessing."

Mayala akapiga magoti pale pale sakafuni na koti lake jipya. Hakuna aliyemwinua.

Bibi akanirudishia simu, akashikilia vidole vyangu kidogo.

"Pole, mwanangu. Na wewe umeachwa hewani kama binti yangu."

Theonest alitutafutia gari la kuturudisha Kahama, na njia nzima mama alitazama nje dirishani. Ningemshukuru kama angenigombeza. Simu iliita, ikaita tena, jina la Mayala kwenye kioo na lile kopa la mapenzi nililoliweka mwenyewe.

"Zima, Lusia."

"Nitazima, mama."

"Sasa mbona unaitazama?"

"Kwa sababu bado nampenda," nikasema, na kilio kikanitoka chote.