Maelezo Namba Nne

Mkaguzi wa vipuri, mwanamke ambaye karakana nzima ilimwita Bi Rula, aliacha mchoro mezani ukiwa toleo C. Aliporudi kutoka kunawa mikono, ulikuwa toleo D, yaani mtu kaurekebisha. Chini ya maelezo matatu aliyoyajua palikuwa na ya nne, kwa penseli: "Kona ya ndani iwe ya mviringo. Ikiwa kali, chuma kitapasuka angani."

Hasira zikampanda. Nani anamchezea? Vishikio mia mbili vya mkia wa ndege vilikwishakatwa kwa toleo C, kona kali kama wembe, vikingoja muhuri wake.

Alimpelekea meneja. Meneja akasoma, uso ukamsawijika, akauchana mchoro vipande vipande.

"Chapisha mwingine, ugonge muhuri."

"Bosi, ule mwandiko ni wa Mzee Penseli, mchoraji wetu."

"Mzee Penseli tumemzika!"

"Najua, nilikuwepo," Bi Rula akanong'ona. "Sasa niambie, kaandika lini?"

"Chapisha!" meneja akafoka.

Bi Rula akachapisha mwingine. Karatasi ilitoka ikinuka udongo wa kaburi, na mchana kweupe, mashine zikinguruma na mafundi wakitaniana, herufi C ikajipinda mbele ya macho yake kama mdudu aliyekanyagwa, ikajifunga ikawa D, kisha penseli isiyoonekana ikaanza kukwaruza, krr, krr, bila mkono wa kuishika, ikikandamiza kwa ghadhabu hadi karatasi ikatoboka na ubao wa meza ukachimbika.

Meneja akaleta mganga. Mganga akafukiza ubani, akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni nani, na unataka nini?" Jibu likatoka kinywani mwa meneja mwenyewe, kwa sauti ya kizee:

"Nilitoa toleo D. Huyu meneja akalifuta ili mzigo uwahi. Nikapiga kelele, akanifukuza kama mbwa. Moyo ukanisimama pale getini."

Mganga akakusanya vyombo vyake. "Huyu simtoi," akasema. "Ana haki." Akaenda zake.

Woga wa Bi Rula ukageuka hasira. "Ungeua watu!" akamfokea meneja. "Na muhuri ungekuwa wangu!" Akanyakua kopo la rangi nyekundu, akavichora msalaba wa kukataliwa vishikio vyote mia mbili, kimoja kimoja, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Meneja alitoka mbio, bado akibwabwaja kwa sauti isiyo yake.

"Basi, Mzee," Bi Rula akasema taratibu. "Kapumzike."

Krr.

Ilitoka kwenye kabati la pili la michoro. Akavuta droo; juu ya mchoro wa bawa, maelezo mapya yalikuwa yakijiandika, herufi kwa herufi. Mabawa yaliyotengenezwa kwa mchoro ule yalikuwa yakibeba abiria tangu mwaka jana.