Dudu Lisilopigwa

Harufu ya udi ilianza kabla televisheni haijawashwa. Khairat alikuwa anafagia chumba cha gemu, saa tatu asubuhi, jua la Dodoma limeshaanza kuuma, na hakuna mtu aliyechoma kitu humo ndani. Alinusa pazia, akanusa zulia la plastiki, mwisho akainama na kuinusa mashine yenyewe. Udi ulikuwa unatoka pale inapochomekwa kadi ya mdogo wake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye binamu Dubai ana televisheni ya mtumba ya kuuza. Chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yao, ambacho zamani kilikuwa duka la kanga, sasa kilikuwa cha gemu. Wazo lilikuwa la Munir, mdogo wake huyo, kijana wa miaka ishirini. Khairat ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamkubalia hilo kama alivyomkubalia kila kitu. Hajawahi kumnyooshea hata kidole. Majirani walisema anamdekeza, na majirani hawakukosea.

Gemu lililojaza watu lilikuwa la madudu. Kila mchezaji ana kadi yake, na humo amefuga dudu lake tangu likiwa yai. Analilisha, analizoeza, kisha analileta lipigane na la mwenzake kwa zamu, au wanabadilishana wakikubaliana. Kila dudu lina mapigo manne, na kila pigo lina idadi yake, ukilitumia linapungua. Watu wazima wenye wake na watoto walitoka ofisini wakaja kugombania mayai ya kwenye kioo, jambo ambalo Khairat hakuchoka kulicheka.

Bingwa wao alikuwa Yotham, karani wa masijala aliyekaa Area D, Mgogo mpole mwenye daftari la kuandikia nguvu za kila dudu. Tangu Pasaka hakuna aliyemweza. Wiki hiyo Munir alimshinda mara tisa mfululizo.

"Dada Khairat, lile dudu la Munir si la kawaida," Yotham alimwambia jioni hiyo, akigeuka nyuma kama mtu anayesengenya. "Ukilipiga haliumii. Linakua. Pigo lako ndiyo chakula chake. Na mimi tangu juzi kidole gumba hiki hakina hisia. Hebu kifinye."

Khairat akakifinya. Kilikuwa cha baridi, na Yotham hakushtuka.

"Analiitaje?"

Yotham akafungua daftari, akamwonyesha herufi nane alizozinakili kutoka kwenye kioo. Khairat akalifunga daftari kwa viganja viwili, haraka, kama anayefunika sufuria.

Jina hilo mimi siliandiki hapa, na wewe usinisumbue. Lilikuwa la jini aliyekuja na babu wa babu yao, Mzee Shaban, aliyetoka Tabora na misafara ya pembe na watumwa akaamua kubaki huku Ugogoni. Jini ndiye aliyemlindia mizigo. Baada yake, nyumba nzima ilimwita Mgeni, basi, ikamwekea uji usio na chumvi kila mwaka kabla ya Ramadhani. Jina lenyewe alilijua mkubwa wa nyumba peke yake, maana kwao kukipa kitu jina lile ni kumpa Mgeni kiti cha kukalia. Bibi yao alipokuwa anakata roho alimnong'oneza Khairat. Hakujua kwamba Munir, wa miaka sita wakati huo, amejificha uvunguni. Miaka ikapita, uji ukasahauliwa, na siku mashine ilipomtaka Munir alipe dudu lake jina la kutisha, akaandika la kutisha kuliko yote aliyoyajua. Mtoto wa nyumba nyingine angeandika Simba.

Tangu hapo kila aliposhinda alipungukiwa maneno. Kwanza aliacha kusimulia, kisha akaacha kuitikia salamu, na kufikia Jumatatu alikuwa anakaa tu mbele ya televisheni, pedi ya kuchezea mkononi, hali wala hapepesi macho, huku dudu kwenye kioo likipumua hata mchezo ukiwa umesimamishwa. Khairat akachomoa kadi. Hapo hapo Munir akaacha kupumua. Midomo ikamgeuka rangi ya majivu, naye Khairat akairudisha kadi akilia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Akaitwa Ustadhi Rahimu, ambaye uustadhi alijipa mwenyewe. Hakuna aliyejua kasomea wapi.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Huyu hana dawa ila kichapo," akasema kabla hajavua viatu, na akaanza kumchapa Munir mgongoni. Kila fimbo ilipotua, dudu liliongezeka kimo kwenye kioo, likaongezeka, mpaka kichwa chake kikapita ukingo wa televisheni na kuendelea ukutani kama kivuli, ingawa hakukuwa na taa ya kukitupa. Ustadhi aliondoka akiwa amevaa kiatu kimoja. Wala msidhani ni aya zilizoshindwa, jamani. Hakuzisoma. Kilichoshindwa ni ile fimbo.

"Umeona?" Yotham akanong'ona, mgongo ukutani. "Yeyote anayempiga anamlisha."

"Sasa nifanye nini, kaka? Mdogo wangu ananifia hivi hivi nikimwangalia."

"Tumchoshe. Nina kobe."

Kobe lilikuwa dudu la kwanza alilolifuga, na wenzake walilicheka mpaka akalificha. Halikujua vita. Lilikuwa na pigo moja dogo la kichwa. Yaliyobaki yote ni kuingia gambani, na huko kujificha hakuna idadi.

"Mapigo ya lile dudu lingine yana idadi," Yotham akaeleza, akimwonyesha hesabu daftarini. "Themanini na tano yote kwa jumla. Yakiisha, dudu halina la kufanya ila kujipiga lenyewe mpaka lianguke. Hiyo ndiyo sheria ya gemu, na jini aliingia mwenyewe kwenye gemu. Lakini gumba langu limekufa, tena mimi si wa nyumba yenu."

"Sijawahi hata kushika pedi."

"Afadhali. Hujazoea kupiga."

Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, wakafunga mlango. Khairat akaketi kando ya Munir, akachomeka kadi ya Yotham yenye kobe, akaombea umeme usikatike, akaanza. Dudu likapiga; kobe likaingia gambani. Likapiga tena, kobe likaingia gambani. Kazi yake yote ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja, na Yotham nyuma yake alifuta mstari mmoja daftarini kwa kila pigo, na udi ukazidi kuwa mzito hadi ukamkaba kooni, na vitasa vya milango ya ndani vikaanza kugeuka kimoja baada ya kingine kana kwamba kuna mtu anapita akitafuta chumba chake, na kutoka uani, ambako hakukuwa na mtu, ikasikika minyororo ya watu wengi wanaotembea kwa hatua moja, wakikaribia, wakikohoa vumbi, naye hakuthubutu kugeuza shingo kwa sababu alijua kwamba akikosea kitufe mara moja tu kobe litatoa kichwa.

Pigo la sabini, nguvu za dudu zikaporomoka ghafla, zikabaki uzi mwembamba. Munir, aliyekuwa bubu siku nne, akafungua kinywa.

"Dada," akasema kwa sauti yake ile ile ya kuomba hela ya soda. "Linakufa. Lipige, dada. Pigo moja tu nitoke. Humu ndani giza."

Gumba la Khairat likahama. Nani asingelihamisha? Alikuwa amemwosha mtoto huyu, amemlisha, ameacha kuolewa mara mbili kwa ajili yake.

"Anakudanganya," Yotham akanong'ona. "Huo uzi si kweli. Dada, nakusihi."

"Dada, huniamini mimi?"

Machozi yakamziba macho, lakini gumba likarudi mahali pake, na kobe likaingia gambani. Sauti ya Munir ikakatika katikati ya kilio. Themanini. Themanini na tatu. Themanini na tano.

Dudu likasimama. Kwa mara ya kwanza likaonekana kama halijui la kufanya. Kisha likainua mkono na kujipiga kifuani, na Munir akaguna, na pale pale kwenye shati lake likatokea doa la damu.

"Limekwisha!" Yotham akaruka. "Matatu tu mengine linaanguka!"

Likajipiga tena. Ubavu wa Munir ukalia, na yeye akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

Khairat akaona kile ambacho daftari halikuonyesha. Jini angeanguka, ndiyo, lakini angeanguka akiwa amekaa kwenye kiti chake, na kiti ni Munir. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Akatafuta alama ya mikono miwili, ile ya kubadilishana.

"Usifanye hivyo! Dada, umeshashinda!"

"Nimemshinda nani?" Khairat akasema. "Mwangalie mdogo wangu."

Akakaa akisubiri. Minyororo uani ikanyamaza, kana kwamba wote walikuwa wanasubiri pia. Polepole sana gumba la Munir likasogea, likakubali. Kobe likavuka kwenda kwenye kadi ya Munir, na lile jingine likavuka kuja upande wa Khairat, limechoka, halina hata pigo moja. Akahisi kitu kikimketia chini ya mbavu, kwa adabu, kama mgeni anayepewa kigoda.

"Maji," Munir akasema. "Dada, nina kiu."

Khairat akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja, na Yotham akatikisa gumba lake lililoanza kuchomachoma kwa uhai. Haikuwahi kutokea furaha kama ile katika chumba kile.

Kadi ile ya Yotham, sasa yenye Mgeni, Khairat akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni chini ya nguo za msiba. Mwezi ukapita. Munir akanenepa, akarudisha utani wake, akaanza hata kuchumbia. Khairat naye alikuwa mzima, ila alijifunza kutembea taratibu na kutogombana na mtu, asije akampa Mgeni hata pigo moja. Muuza nyanya alipompunja alimwambia asante. Majirani wakasema amekuwa mcha Mungu.

Halafu ikaja Jumamosi moja, adhuhuri, akarudi kutoka sokoni na kumkuta Munir amepiga magoti mbele ya mashine, sanduku liko wazi, kadi i mkononi.

"Gemu tu hili, dada," akasema akicheka, akiielekeza kadi kwenye tundu. "Nataka kuliona mara moja tu."

Khairat hakufikiri. Kapu lilianguka, na kofi likamwenea Munir shavu zima. Kadi ikarukia chini ya kiti. Munir akabaki ameshika shavu, amepigwa na butwaa, maana katika maisha yake yote dada yake hakuwahi kumgusa.

Khairat akafungua kinywa amwombe radhi. Chini ya mbavu zake kitu kilichokuwa kimechoka mwezi mzima kilimeza mate, kikajinyoosha, na kabla hajawahi kuuziba mdomo kwa kiganja, kikasema kwa sauti ya Khairat mwenyewe:

"Moja."